Jina na Mkono

Chakula cha njiani aghalabu hakina kitabu. Kanuni zake hukaa katika mkono wa mpishi. Mkono huo ukichoka, chakula nacho huelekea kupotea. Katika zama zetu imetokea njia ya kuzuia hasara hiyo: mwenye kibanda hulifanya jina lake kuwa mali, akawaruhusu wengine kulitumia kwa ada na kwa sharti la kupika kama apikavyo yeye. Historia ya Singapore yatuonyesha faida ya njia hiyo, na mpaka wake.

Wachuuzi wa mji ule walipika kando ya barabara, hata serikali ikawaandikisha, na baina ya 1971 na 1986 ikawahamishia katika masoko ya vyakula yenye mabomba na mifereji. Walipoteza njia, wakapata makao. Na jina lisilo na makao ni shida kukodishwa.

Loi Ah Koon alifika huko kutoka Hainan mwaka 1926. Mwaka 1944 alisimamisha kibanda cha kahawa Telok Ayer, akauza mkate uliochomwa juu ya makaa na kupakwa siagi na kaya, yaani rojo tamu ya mayai, sukari na tui la nazi. Mwaka 1998 wanawe walifungua duka Far East Square, na baadaye jina la Ya Kun likakodishwa hata Indonesia na nchi nyingine. Hapana shaka asili ya chakula chenyewe ilisaidia: kaya hukubali mizani, nayo yaweza kupikwa mahali pamoja ikaliwa pengi.

Kuku hana utii huo. Chan Hon Meng alipata nyota ya Michelin mwaka 2016 kwa kibanda chake cha kuku wa mchuzi wa soya na wali, sahani iliyouzwa kwa takriban dola mbili za Singapore. Kwa ushirika na kampuni alifungua mikahawa ndani na nje ya nchi. Mwaka 2021 nyota ile haikuwamo tena. Si haki kukata hukumu kwa tukio moja. Lakini ni haki kuuliza kama jicho linalojua kuku ameiva laweza kuandikwa katika mkataba.

Swali hili si la anasa. Wachuuzi wengi wa Singapore ni wazee, na mwaka 2020 UNESCO iliuandika utamaduni wao katika urithi wa wanadamu. Kukodisha jina huweza kuokoa chakula ambacho watoto hawataki kukirithi. Wahenga walisema chema chajiuza. Walakini chema hakijifundishi. Basi atakaye kulikuza jina la kibanda na aweke fungu la ada kwa ajili ya mwanafunzi, asimame kando ya jiko mpaka mkono wake ujue. Asipofanya hivyo, watu watarithi kibao cha mlangoni, na chakula kitakuwa kimekwisha kuzikwa.