Rubani Anapopitiwa: Somo la Anga ya Eastlands

Ajali nyingi za ndege ndogo wakati wa kutua huanzia machoni na masikioni mwa rubani, si kwenye injini. Rubani aliye peke yake hupunguza kasi, hushusha flapu, huutafuta uwanja kwa macho na kuujibu mnara, yote kwa dakika moja. Abiria akiuliza swali, au mlango ukilegea na kugongagonga, jicho huhama kutoka kwenye kipimo cha kasi. Sekunde chache zatosha. Kwenye kona ya mwisho kasi huanguka, bawa huacha kubeba, na ardhi iko karibu mno kwa rubani kuinusuru ndege. Waswahili husema amepitiwa.

Wakazi wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, wamekaa chini ya njia za ndege tangu zamani. Jeshi la Anga la Uingereza lilifungua kituo Eastleigh mwaka 1940, jirani na Pumwani iliyokuwa tayari imejaa watu. Wakati wa vita vya Mau Mau ndege za mabomu aina ya Lincoln ziliruka kutoka hapo. Ndege za abiria nazo zilitua Eastleigh hadi 1958, ulipofunguliwa uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Mwaka 1964 Eastleigh ikawa mikononi mwa Jeshi la Anga la Kenya, na marubani wake wa kwanza walijifunza kwa Chipmunk, ndege ndogo ya viti viwili.

Mji wenyewe haumsamehe aliyepitiwa. Uwanja wa Embakasi uko futi 5,327 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo ndege inayoonyesha kasi ileile kwenye kipimo hukimbia kwa kweli karibu asilimia 10 zaidi kuliko ikitua Mombasa. Ardhi huwahi kufika.

Mwaka 1974 ulilionyesha hilo hata kwa ndege kubwa. Tarehe 3 Septemba, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikikaribia Embakasi. Mnara uliiruhusu kushuka hadi futi 7,500. Chumba cha marubani kikasikia 5,000, na kiteuzi cha kimo kikawekwa hapo. Futi 5,000 ni chini ya uwanja wenyewe. Ndege ilizama ndani ya mawingu hadi ikabaki takriban futi 70 juu ya ardhi, ndipo marubani walipoiona nchi na kuinua pua. Hakuna aliyeumia. Wiki 11 baadaye, tarehe 20 Novemba, Boeing 747 ya Lufthansa ilipaa Embakasi bila vibawa vya mbele kufunguka, kwa kuwa vali za hewa inayoviendesha zilikuwa zimefungwa na ukaguzi haukulibaini hilo. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Hiyo ndiyo Boeing 747 ya kwanza kuua abiria kwa ajali.

Mwaka huohuo, huko Charlotte, Marekani, marubani waliokuwa wakipiga soga waliangusha ndege wakienda kutua, na zaidi ya watu 70 wakafa. Kutokana na misiba ya namna hiyo Marekani ilipiga marufuku, mwaka 1981, mazungumzo ya marubani yasiyohusu kazi ndani ya ndege za mashirika zinapokuwa chini ya futi 10,000. Kwa Nairobi kipimo hicho ni kifupi: kutoka futi 10,000 hadi Embakasi zimebaki chini ya futi 4,700. Rubani wa ndege ndogo hana wa kumnyamazisha abiria wake. Lazima aseme mwenyewe, kabla ya kuanza kushuka.

Eastlands ina kipotoshi kingine cha macho. Jaa la Dandora, kilomita chache tu kutoka kambi ya Eastleigh, ambayo leo ni Moi Air Base, huvuta korongo wakubwa wanaozunguka juu kwa makundi. Rubani anayewakwepa hawezi kutazama kipimo chake. Mpango wa kulihamishia jaa hilo Ruai ulipingwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kwa hofu ya ndege hao hao kuingia njia ya Embakasi. Jaa limebaki Dandora, na korongo wamebaki nalo.