Fortran: kompaila inapokataa pointa isiyo na kosa

Kibati, katika teritware ya Nyiragongo, ndipo wapandaji wa mlima walikuwa wanaanzia safari ya kwenda kreta. Wakaaji wa huku wanajua uzito wa tetemeko: volkano ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002, tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kujua tetemeko limeanzia wapi chini ya udongo ni kazi ya hesabu. Programu zinazojulikana za kazi hiyo, kama HYPO71 ya Marekani na SEISAN ya Norwe, ziliandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta ambayo IBM iliitoa mwaka 1957.

Pointa iliingia katika Fortran 90. Ni jina linaloonyesha tu mahali namba zilipo, sawa na kibao cha njia panda. Kuandika "p => a" ni kugeuza kibao kielekee a. Kuandika "p = a" ni kuchukua namba za a na kuzimwaga pale kibao kinapoelekea sasa.

Hatari iko hapo. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa kazi ya mashini, ikikataa "p => a", wengine wanaondoa ile alama ">" ili ujumbe unyamaze. Unanyamaza kweli. Lakini kama p ilielekea kwenye vipimo vya kituo kingine, vipimo hivyo vinafutwa bila onyo, na tetemeko linapewa mahali pasipo pake.

Kabla ya kubadilisha kitu, inafaa kupima hivi:

- Kusoma kosa la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.
- Kuangalia matangazo ya majina. Lazima a iwe na neno "target" ao iwe pointa, na aina ya namba ilingane.
- Kukata programu mpaka ibaki mistari kama kumi, kosa likiwa bado linaonekana.
- Kujaribu mistari hiyo kwa kompaila ingine, ao toleo jipya zaidi.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoonyesha nani amekosea. Kwa mfano, Fortran 2003 inaruhusu "p(1:3,1:4) => a", a ikiwa orodha ya safu moja. Lakini gfortran ilianza kukubali hilo katika toleo 4.6, mwaka 2011. Kwenye mashini yenye toleo la zamani, mwandishi analaumiwa bure.

Na kama hata toleo jipya linakataa kitu ambacho sheria inaruhusu, ile mistari kumi inatumwa kwa watengenezaji wa kompaila, pamoja na namba ya toleo. "=>" inabaki pale pale.