Setilaiti inapimaje kimo cha barafu ya Greenland na Antaktika?

Barafu iliyofunika Greenland ina unene unaozidi kilomita 3 sehemu nyingine. Ikiyeyuka yote, bahari duniani zitapanda kwa mita 7 hivi. Ya Antaktika ni nyingi zaidi. Ndiyo maana wanasayansi wanafuatilia kila sentimita inayopungua.

Nani anapima?

Mojawapo ni CryoSat-2, setilaiti ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA). Ya kwanza ilipotea mwaka 2005 baada ya roketi yake kupata hitilafu. Hii ya pili ilirushwa Aprili 8, 2010, na inazunguka dunia ikiwa juu zaidi ya kilomita 700.

Inafanyaje kazi?

Rada yake inatuma mawimbi ya redio chini, yanagonga barafu na kurudi, kama mwangwi wa sauti bondeni. Safari nzima haifiki hata sehemu 5 za elfu moja za sekunde.

Muda huo unageuzwa kuwa umbali. Kwa kuwa kimo cha setilaiti kinajulikana, ukitoa umbali unapata kimo cha barafu. Mawingu hayaizuii, wala giza la miezi kadhaa la huko kwenye ncha za dunia.

Kwenye miteremko je?

Hapo mwangwi wa kwanza unaweza kutoka pembeni, sio chini kabisa ya setilaiti. Kwa hiyo CryoSat-2 ina antena mbili za kupokea, ili ijulikane mwangwi umetoka upande gani.

Theluji inavyodanganya

Mawimbi ya rada hupenya kidogo theluji kavu kabla ya kurudi. Julai 2012, karibu uso wote wa Greenland uliyeyuka kwa siku chache, kisha maji yakaganda tena na kuwa tabaka gumu. Baada ya hapo mawimbi yakawa yanarudi kutoka juu zaidi. Rada ikaonyesha kama uso umepanda. Kumbe kilichobadilika ni theluji, sio kimo!

Bila kusahihisha kosa kama hilo, barafu inayopungua inaweza kuonekana inaongezeka.

Kwa sababu hiyo vipimo vya rada vinalinganishwa na vya leza. ICESat-2 ya NASA, iliyorushwa 2018, hutumia mwanga ambao haupenyi theluji kama rada. Mwaka 2020, njia ya CryoSat-2 ilirekebishwa ili setilaiti hizo mbili zipime maeneo yaleyale kwa muda unaokaribiana.