Sikio la Lubumbashi: Ushirikiano wa Utafiti juu ya Maandishi ya André Yav

Ushirikiano wa utafiti baina ya vyuo vikuu vya nchi tajiri na vya nchi maskini hupimwa mara nyingi kwa fedha: nani ametoa, nani amepokea. Historia ya kijitabu kimoja cha Kiswahili yaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Mwaka 1965 André Yav alikusanya habari za mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi. Aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi na Wazungu waliowapikia na kuwafulia. Kijitabu kilipewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini lugha yake ni Kiswahili cha mjini.

Johannes Fabian alifundisha Lubumbashi, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, tangu 1972 hadi 1974. Baadaye akawa profesa huko Amsterdam. Alipoyashughulikia maandishi ya Yav alikuta kizuizi kisichoondolewa na fedha. Yav hakufuata kanuni za shuleni: maneno mara yameungana, mara yamekatwa, na ni vigumu kujua sentensi inaishia wapi. Jicho liliposhindwa, sikio likaitwa. Kalundi Mango wa Lubumbashi aliyasoma kwa sauti, na usomaji huo ukanakiliwa upya. Ndipo sentensi zikapata mipaka. Walter Schicho wa Vienna akaongeza maelezo ya isimu.

Kitabu kilitoka mwaka 1990, matini ya Kiswahili ikiandamana na tafsiri na ufafanuzi wa Kiingereza. Katika ukurasa wa anwani Kalundi Mango ametajwa kuwa alitoa msaada. Fabian hakuuficha mchango wake. Hata hivyo swali labaki: aliyeyafanya maandishi yasomeke, je, ni msaidizi au ni mfasiri mwenza? Tena, wajukuu wa maboyi walipata ufafanuzi wa historia yao kwa lugha ambayo si ya nyumbani wala ya masomo yao.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulifuata njia nyingine. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walishirikiana kukusanya kumbukumbu za wenyeji. Maonyesho yalifanyika Lubumbashi penyewe, na vitabu vikaandikwa kwa Kifaransa, baadhi vikihaririwa na Dibwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, yafaa yaulizwe mambo matatu: nani atatajwa, kwa cheo gani, na matokeo yatasomwa wapi na kwa lugha ipi. Fedha huja baadaye, na huisha. Jina lililoandikwa kitabuni hubaki.