Vigae vya mchanga vilivyokinga vyombo vya angani

CHOMBO kinachorejea duniani kutoka angani huingia katika angahewa kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Hewa iliyo mbele yake hushindiliwa ghafla na kupata joto la kuyeyusha chuma. Wengi hudhani joto hilo huletwa na msuguano pekee, ilhali sehemu kubwa hutokana na kushindiliwa huko.

Vyombo vya awali vilikingwa kwa ngao zilizoungua na kubanduka, hivyo hazingetumika tena. Shirika la NASA la Marekani lilipounda Space Shuttle, chombo cha kusafiri mara nyingi, lililazimika kutafuta kinga nyingine. Jawabu lilitoka mchangani. Nyuzi nyembamba za silika ziliokwa tanurini zikawa vigae ambavyo karibu asilimia 90 ya ujazo wake ilikuwa hewa tupu. Kigae hicho kiliweza kushikwa pembeni kwa vidole vitupu punde tu baada ya kutolewa tanurini, katikati kikiwa bado chekundu kama kaa la moto!

Chombo kimoja kilihitaji zaidi ya vigae 20,000, kila kimoja kikiwa na nambari na mahali pake. Vile vyeusi vya upande wa chini vilistahimili digrii 1,260 za sentigredi, ili bodi ya aluminiamu iliyokuwa chini yake isipite digrii 177.

Hata hivyo, vigae hivyo vilivunjika upesi. Mnamo Desemba 1988, chombo Atlantis kilirejea kikiwa na vigae zaidi ya 700 vilivyoharibika, na kimoja kimepotea kabisa. Kwa bahati, mahali hapo palikuwa na bamba nene la chuma.

Columbia haikuwa na bahati hiyo. Iliporushwa Januari 16, 2003, kipande cha povu gumu kilichomoka kwenye tangi la mafuta na kugonga ukingo wa bawa la kushoto, sehemu iliyokingwa kwa paneli za kaboni badala ya vigae. Wahandisi waliomba picha za bawa hilo zipigwe chombo kikiwa bado angani, lakini wakubwa wao hawakulitilia uzito ombi hilo. Mnamo Februari 1, hewa ya moto ilipenya katika tundu hilo, chombo kikasambaratika juu ya Texas na wanaanga wote saba wakafariki.

Safari ziliporejelewa mwaka 2005, wanaanga walikagua ngao hiyo kwa kamera kabla ya kurudi, hadi vyombo hivyo vilipostaafishwa Julai 2011.