Asali ya Matapato

Barabara ya Nairobi kwenda Namanga ikishaupita mji wa Kajiado huingia Bisil, katika nchi ya Ilmatapato, sehemu mojawapo ya Wamaasai. Hapa watu huja sokoni kwa ajili ya mifugo, na mgeni hudhani historia yote ya mahali hapa ni ya ng'ombe. Nyuki nao wana sehemu yao.

Posa ya Kimaasai huendana na zawadi ya asali. Wazee walipokutana kubariki tohara au ndoa, walikunywa enaisho, pombe ya asali na maji iliyochachushwa kwa mizizi ya osuguroi, jamii ya shubiri, ikiwa kibuyuni karibu na moto kwa siku kadhaa. Asali ilikuwa dawa pia. Sukari yake nzito huvuta maji na kuvinyima vijidudu unyevu, ndiyo maana baadhi ya hospitali za leo zina asali maalumu ya vidonda.

Ila mfugaji kwa kawaida hakuirina mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Iltorrobo, wawindaji wa misituni, waliobadilisha asali kwa kondoo na mbuzi. Upande wa mashariki, Wakamba walitundika mitini mizinga ya magogo. Jambo hili hunigusa sana: mwenye ng'ombe alimdharau Mtorrobo kwa kukosa mifugo, ilhali baraka za watoto wake zilipitia mikononi mwa mtu huyo huyo.

Nta ilikuwa na safari yake. Kutoka pwani ilisafirishwa kwa meli kwenda ng'ambo, lakini bara wengi walikamua asali na kuyatupa masega.

Mkataba wa 1911 na Waingereza uliwahamisha Wamaasai wa kaskazini na kuwasukuma kusini, malisho yakapungua, na mfugaji akahitaji riziki nyingine. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa Kenya na Canada ulisambaza mzinga wa vijiti vya juu: sanduku lenye mbavu zilizoinama, vijiti vikipangwa juu, kila kimoja kikishika sega lake. Mrinaji huinua sega la asali na kuyaacha majana salama, bila kupanda mti usiku. Mzinga ukashuka hadi karibu na boma, na wanawake wakaweza kuushughulikia. Kwa kuwa sega hukatwa lote, nta nayo hupatikana kwa wingi.

Nyuki hawali nyasi. Ukame ukizidi, huuacha mzinga na kuhama kama wafugaji wenyewe, na hurudi maua yakirudi. Mengi ya maua hayo ni ya migunga, miti ile ile inayokatwa Kajiado kwa ajili ya makaa. Basi mwenye mzinga Bisil na auache mgunga wake usimame, na asitupe nta: aiyeyushe, aichuje kwa kitambaa, aiuze.