Mwalimu Sikujua na Hesabu ya Marejeo

Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilitoa Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, mhariri wake akiwa William Hichens. Tangu hapo hapana mwanachuoni aandikaye juu ya ushairi wa Mombasa wa karne ya 19 awezaye kukikwepa kitabu hicho, na akitajapo hulitaja jina la Hichens. Lakini si Hichens aliyeyakusanya mashairi hayo. Aliyakuta katika karatasi za W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne hiyo. Na Taylor naye aliyapata kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa mji huo, ambaye ndiye aliyeyatafuta na kumfafanulia maneno na visa vyake. Makala haya yanauliza swali moja tu: ikiwa uzito wa mtaalamu wapimwa kwa idadi ya mara alizotajwa na wenziwe, na kwa watu alioshirikiana nao, Sikujua apata alama ngapi?

Kabla ya kulijibu, yafaa tukumbuke kipimo chenyewe kilitoka wapi, maana hakikuzaliwa kwa ajili ya kupima watu. Mwaka 1873, huko Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuchapisha orodha za kuonyesha kila hukumu ya mahakama imetajwa katika hukumu zipi za baadaye, ili wakili asije akategemea hukumu iliyokwisha tanguliwa. Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross walihesabu marejeo katika jarida moja la kemia. Haja yao ilikuwa kujua maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani. Eugene Garfield aliyafuata mawazo ya Shepard katika makala yake ya 1955, na faharasa yake ya marejeo ya sayansi ilipotoka katika miaka ya 1960 ilianza na majarida 613 ya mwaka 1961. Kusudi lake kubwa lilikuwa kumsaidia mtafiti apate maandishi anayoyahitaji. Faharasa ya fani za sanaa na utu, zinazotuhusu sisi watu wa lugha, haikutokea hadi 1978. Hatua ya kumpima mtu mmoja mmoja kwa tarakimu moja ilikamilika mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alipopendekeza kipimo chake cha h: mtu ana 10 iwapo makala zake 10 zimetajwa kila moja si chini ya mara 10.

Katika safari hiyo kitu kimoja kilipotea njiani. Orodha za Shepard ziliweka alama ya kuonyesha kama hukumu ya kale imeungwa mkono au imepingwa. Hesabu ya leo haiulizi hilo. Tazama kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka 1954. Katika mgogoro wa vina na mizani uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, watetezi wa arudhi walikitaja kama hoja yao na wapinzani wao walikitaja ili wakipinge. Kwa mashine ya kuhesabu, pande mbili hizi ni sauti moja. Hata hivyo, hapa tarakimu haidanganyi sana: kitabu kinachopingwa kwa miaka 20 si kitabu kidogo.

Kosa kubwa liko kwingine, nalo laonekana wazi kwa Muhamadi bin Abubakari Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango na mwanamuziki. Aliwanakilia miswada Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, akawaeleza lugha ya tendi ambayo wao peke yao wasingaliielewa. Al-Inkishafi ya Hichens ya 1939 na mkusanyo wa Dammann wa 1940 wa tungo za Kiamu hazitenganiki na kazi ya mkono wake. Kwa maneno ya wapimaji wa leo tungesema kwamba alikuwa na ushirikiano wa kimataifa wenye upana wa kuonewa wivu. Lakini ushirikiano unaohesabiwa ni ule wa majina yaliyopangwa juu ya makala, na jina lake halikupangwa hapo. Alishukuriwa katika dibaji, dibaji haihesabiwi. Tena, hata angehesabiwa, angegawanywa vipande: huku ni Kijuma, kule Kijumwa, kwingine Muhammad bin Abubakar al-Bakari. Faharasa iliyozoea jina la ukoo lililo moja na lisilobadilika ingemwona kuwa watu watatu.

Si kwamba pwani haikuwa na desturi ya kutaja anayestahili. Mtungaji wa utendi alijitaja katika beti za mwisho. Mwanafunzi wa elimu ya dini alipewa ijaza iliyoorodhesha mwalimu wake na walimu wa mwalimu wake. Kuacha jina la aliyekufunza kulikuwa utovu wa adabu.

Wala ugonjwa huu si wa nchi zilizotawaliwa pekee. Mwaka 1968 Robert Merton aliandika makala mashuhuri ya kuonyesha kwamba wanasayansi wanaposhirikiana, sifa humwendea yule aliyekwisha kuwa na jina. Alitegemea sana mahojiano yaliyofanywa na Harriet Zuckerman. Baadaye alikiri kwamba makala hayo yalipasa kutoka kwa majina ya wote wawili. Lakini yaendelea kutajwa kwa jina la Merton peke yake.

Jambo hili si la kale tu. Viwango vya kupandisha vyeo wahadhiri vilivyotolewa mwaka 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya viliyapa machapisho alama. Mhadhiri akirudi kutoka Siyu au Vanga na kanda alizorekodi kwa bibi mmoja ajuaye nyimbo za unyago, hesabu yamtuza yeye kwa makala. Bibi, akibahatika, hupata mstari wa shukrani. Twaona kwamba jina la bibi huyo, akiridhia litajwe, mahali pake ni pamoja na majina ya waandishi, na kamati ya vyeo isimpunguzie mhadhiri alama kwa sababu hiyo.

Sikujua, basi, apata sifuri. Kijuma amefika mbele kidogo: mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa cha maandishi yake, na jina lake limeandikwa kwenye jalada. Katika faharasa za marejeo waandishi wa kitabu hicho ni Miehe na Vierke. Kijuma ni mada.